Nimemgombeza mkwe wangu kwa Kizungu

Leo nimeongea na mume wa binti yangu kwa mara ya kwanza. Na nimeongea kwa Kizungu!

Wacha niwaandikie haraka, hii kompyuta ya mjini ni ya kulipia.

Mnajua kila Jumamosi, tukishapeleka majani ya chai, tunasoma Kizungu pale kanisani Roret. Watu wawili wawili wanajadili maisha ya kila siku. Mwalimu ni mgeni, ametoka upande wa ziwa. Leo akanipanga na Kiprono.

Mkwe wangu!

Kwetu Wakipsigis, mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hata kutazamana ni aibu. Kiprono akaangalia mlango. Mimi pia nikataka kutoka.

Halafu nikaona mada ubaoni: kazi za nyumbani.

Aa, sitoki.

Nikageuza kiti, tukapeana mgongo. Nikamuuliza polepole kwa Kizungu, "Kwenu nani anachota maji?"

"Mke wangu."

"Hata sasa, na tumbo kubwa hivyo?"

Akakohoa. Halafu, "Hata sasa, mama."

Hayo maneno nimeyameza miezi mingi, jamani. Kwa Kipsigis singeweza kuyatoa. Kwa Kizungu yalitoka yamenyooka.

"Kuanzia leo, utachota wewe."

Mwalimu akapiga makofi, eti sentensi nzuri sana!

Mniambie kama nimevunja mila. Lakini wiki ijayo mada ni pombe, na nimeshamwambia mwalimu asitutenganishe.