Gemu Iliyogoma Kufunguka

Rafiki yangu alipohamia Dodoma kikazi aliniachia flashi yenye gemu, na ahadi kwamba kila Jumamosi asubuhi tutacheza pamoja kwa intaneti. Ni gemu ya kujenga mji. Mnapewa ardhi kavu, mnachimba visima, mnapanga barabara, mnagombana soko likae wapi. Tulizoea kuicheza chumbani kwake, nyumba mbili kutoka kwetu Mbagala, tukipokezana kipanya kimoja. Sasa kila mtu angekuwa na kompyuta yake. Namba ya kuiwashia alininunulia yeye, akaituma kwa meseji: "Hiyo ndiyo hati ya kiwanja chako, mwanangu. Usichelewe."

Sina marafiki wengi. Nina huyo mmoja. Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na mabango ya biashara, ufundi niliojifunza mwenyewe kwa kutazama video. Wateja wananitumia maelezo kwa simu, nawarudishia kazi kwa simu. Wiki inaweza kuisha sijazungumza na mtu uso kwa uso zaidi ya dada anayeuza chapati kona ya mtaa. Mama naye alikuwa amekwenda Masasi kumuuguza bibi, nyumba ikabaki na mimi na mlio wa friji.

Jumamosi ya kwanza nilioga mapema na kuvaa shati, kama mtu anayetoka. Nilifuta skrini, nikaunganisha kompyuta na bando la simu, nikaandika ile namba polepole, nikiihakiki herufi kwa herufi. Kiduara kikazunguka katikati ya skrini. Halafu gemu nzima ikajifunga, ikaacha kisanduku kidogo chenye sentensi moja ya Kiingereza: uhakiki umeshindikana.

Nikarudia. Ikajifunga tena.

"Nakusubiri," rafiki yangu akaandika.

"Nipe dakika chache, namalizia kuiweka," nikamjibu.

Sikuwa namalizia chochote. Nilikuwa nimekaa nimekikodolea macho kile kisanduku kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Ndivyo nilivyo. Siwezi kuvumilia mtu anione nimekwama. Kazi ya mteja nikiikosea naianza upya kabisa hata kama kosa ni nukta, na mteja haambiwi. Na rafiki yangu huyu ndiye aliyekuwa akinisifia kwa watu, "Mshkaji wangu kwa kompyuta humwezi." Ningemwambiaje kwamba nimeshindwa kufungua gemu?

Basi nikaanza kuhangaika peke yangu. Niliifuta gemu na kuiweka upya. Nilizima antivairasi. Nilitafuta draiva mpya, zile programu zinazoendesha picha za skrini, nikala bando lote. Nilibadilisha jina la folda nikidhani kinachoikwamisha ni ile nafasi kati ya maneno. Kila nilipojaribu kitu nilifunga programu zote, nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikakaa wima, kana kwamba mashine ingejua kuwa safari hii nimefanya kwa heshima. Kiduara kilizunguka, gemu ikajifunga.

Niliomba msaada kwenye jukwaa moja la wachezaji wa gemu. Swali lenyewe nililiandika na kulifuta hadi Kiingereza changu kikanyooka. Nikapiga picha ya skrini, kisha nikaikata. Nilitoa faili zangu za kadi, nikatoa ule mstari wa chini wenye alama za programu, kikabaki kile kisanduku peke yake, safi. Sikutaka wageni waone fujo zangu. Walinipa ushauri ambao nilishaujaribu wote. Mmoja akasema kwa picha ile hakuna mtu angeweza kujua zaidi.

Rafiki yangu akaandika, "Kuna jamaa wa ofisini anayo pia. Nianze naye wakati unaweka mambo sawa?"

"Anza naye tu," nikajibu, nikaongeza kikatuni cha kucheka. Nikaiweka simu kifudifudi mezani na kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi zilizofuata alinitumia picha za mji. Daraja. Shule yenye paa jekundu. Katikati palikuwa na kiwanja kitupu kilichozungushiwa uzio, barabara zikikipinda pembeni. Kilikuwa changu. Niliikuza ile picha mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, nikiangalia nyasi za pale ndani. Picha zikapungua, na mazungumzo yetu yakawa ya salamu.

Kisha asubuhi moja ikaingia meseji nyingine. "Mji umejaa. Jamaa anataka kujenga stendi, na pamebaki pale kwako tu. Nimwambie achukue?"

Niliandika "Sawa". Nikaifuta. Nikaandika tena. Mwishowe nikafanya kitu ambacho huwa sifanyi: nikampigia simu ya video bila hata kumtaarifu.

"Asichukue," nikasema. "Imegoma. Imegoma tangu siku ya kwanza."

Akacheka. "Kumbe! Mie nilijua umepata demu, mji wetu umekuchosha."

"Demu wa wapi? Niko ndani wiki nzima."

"Sasa si ungesema? Geuza simu niione."

"Ngoja kwanza nipange..."

"Usipange kitu. Geuza hivyo hivyo."

Nikageuza. Akaiona yote: faili zilizotapakaa, kadi ya harusi isiyokwisha, kikombe cha chai juu ya meza. Nikajaribisha gemu mbele yake, ikajifunga.

"Hapo chini kulia," akasema. "Sogeza. Pameandikwa nne na dakika kumi na mbili. Kwani sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

"Ndiyo, saa nne. Sasa kompyuta gani inaandika nne saa nne? Yangu hapa inasema kumi."

Nilitazama ile saa kama naiona mara ya kwanza. Niliitazama kila siku, na kila siku ilikubaliana na kichwa changu. Mama ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alikuwa akitumia kompyuta kuangalia video za kwaya asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na saa ilimkera. "Inaniambia saa nane, baba, na mie hata chai sijanywa. Niwekee saa za watu." Nikamwekea. Nikazima ile sehemu inayojirekebisha yenyewe, nikairudisha nyuma saa sita, vizuri kabisa, nikasahau. Nikamsimulia rafiki yangu hayo yote.

"Seva inakuona unawasha gemu alfajiri wakati kumekucha," rafiki yangu akasema. "Inadhani wewe ni tapeli. Rekebisha."

Nilisita kidogo. Tangu mama aondoke, ile kompyuta ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba kilichokuwa bado kinamsikiliza. Nikabonyeza. Nne ikawa kumi. Kiduara kikazunguka, kikatoweka, na muziki wa gemu ukajaa sebuleni.

Rafiki yangu na yule jamaa wa ofisini walikuwa mle ndani. "Huyu ndiye mwenye kiwanja?" sauti nisiyoijua ikauliza kwenye spika.

"Ndiye. Anaishi kwa saa za mama yake."

"Karibu, braza. Stendi yangu umeiua."

"Samahani," nikasema.

"Aombe radhi mbuzi kwanza," rafiki yangu akasema, na wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha kuicheka habari hiyo mara nyingi. Nikacheka nao kidogo, kwa adabu. Wakaendelea kuzungumza, mbuzi na daraja, daraja na mbuzi, na mimi nimesimama ndani ya uzio wangu kwenye nyasi, kidole juu ya kipanya, nikisubiri wafike mahali nitakapoelewa. Hawakufika. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Ningeweza kujenga nyumba nzuri kimyakimya hadi saa sita.

"Mbuzi gani?" nikauliza.

 Wakaanza kunisimulia kwa pamoja, kila mmoja akimkatiza mwenzake.