Nani Atabaki na Ndege?

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila mwaka mpunga unapoanza kutunga maziwa. Wengine wakiuona mpunga wa namna hiyo hufurahi, wakaanza kusafisha maghala. Mimi hunyamaza. Watoto wangu wamekwisha kunizoea, husema, "Mwacheni mama, ndege wake wamekuja." Sasa nimesikia unaanza mafunzo kwa vitendo, hiyo mnayoiita fildi, katika mahakama ile ile niliyoanzia mimi. Basi kaa nikusimulie, maana hili hutalikuta katika vitabu vyako.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya sheria. Kwetu Lipangalala mtaa mzima ulijua kwamba mjukuu wa bibi fulani anasomea uhakimu, na majirani walianza kuniita "hakimu" kabla sijajua hata jalada linafunguliwaje. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa naitika. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika bondeni kwetu. Ukitaka kumwambia mtu neno, ulimfuata kwa miguu.

Pale mahakama ya mwanzo nilipangwa kumfuata tarishi, mzee Lukasi, kupeleka hati za wito na kubandika matangazo. Kazi ile niliidharau kidogo. Nilitaka kukaa karibu na hakimu nisikilize hoja, si kutembea juani na kopo la uji wa muhogo, ambao ndio ulikuwa gundi yetu.

Ndivyo tulivyofika mlangoni kwa Mama Fidelisi. Nilimfahamu, nyumba yake haikuwa mbali na yetu. Mumewe alifariki kabla ya mvua, akamwachia watoto wawili, na sasa shemeji yake alikuwa ameomba mahakamani awe msimamizi wa mirathi. Ukisikia msimamizi wa mirathi, mwanangu, usidhani ni cheo cha heshima tu. Ndiye anayeshika mali yote ya marehemu, na akiwa na moyo mbaya, mjane na watoto hujikuta nje. Tangazo lilisema mwenye pingamizi afike Jumatano asubuhi.

Mlango ulikuwa umefungwa, na uani hapakuwa na kuku hata mmoja. Hapa kwetu hilo halihitaji maelezo: wenyewe wamehamia shamba, hawarudi mpaka wavune. Mwaka ule mvua zilichelewa na mpunga ukachelewa nazo, kwa hiyo nusu ya mji ilikuwa bado huko mbugani.

"Mzee Lukasi, wenyewe wako shamba," nikasema.

"Naona," alijibu, huku akipaka uji wake. "Sheria inasema tubandike. Haisemi mlango uwe na macho."

Alicheka, nami nikacheka naye. Lakini neno lile lilinikaa, na siku ya Jumanne nikaomba ruhusa, nikaazima baiskeli yake, nikaenda kumtafuta Mama Fidelisi mwenyewe. Nilijiona shujaa, nakwambia kweli. Nani mwingine angejisumbua?

Niliiacha baiskeli penye mtumbwi, nikavuka mto, nikakanyaga tope mpaka nikamwona amesimama juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, kombeo mkononi, anaamia ndege wasile mpunga. Watoto walikuwa chini wanagonga makopo. Wewe umekulia mjini, hujui kwelea. Hushuka kama wingu, na wakiinuka, mashuke yamebaki makapi.

"Karibu, mdogo wangu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" aliniita kwa furaha. Akashuka, akamwachia Fidelisi kombeo, akaniletea pepeta. Mpunga wa pembeni mwa shamba ulikuwa umewahi kukomaa, akauvuna kidogo, akaukaanga na kuutwanga. Nilikula, tena nilikula vizuri. Nikiendelea kutafuna nikamweleza: usimamizi, pingamizi, haki ya mjane, vifungu vyote nilivyokuwa nimevikariri. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Ni lini?" aliuliza.

"Kesho asubuhi."

Alitazama juu. Fidelisi alirusha jiwe likaanguka karibu na miguu yake mwenyewe.

"Ndege hawa wakikosa mtu hata nusu siku, watoto hawana chakula mwaka huu," akasema. "Huyu bado mdogo, jiwe lake halifiki popote. Na majirani kila mmoja ana ndege wake. Nani atabaki na ndege?"

Hapo, mwanangu, ndipo sheria yangu yote ilipoulizwa swali moja tu. Nami nilijibu hivi: "Dada, mimi nimekuletea habari. Uamuzi ni wako. Ila usipofika, usije ukasema hukuambiwa."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, akanifungia pepeta nyingine kwenye kitambaa nimpelekee bibi yangu, akapanda tena dungu lake.

Bibi nilimkuta uani anachagua mchicha. Nilimpa pepeta, nikaanza kumsimulia safari yangu kwa madoido, huku nikingoja sifa. Alikuwa amekwisha kuchota konzi moja. Nilipofika penye swali la ndege, mkono wake ukasimama.

"Ukamjibu nini?"

Nikamwambia. Alirudisha ile konzi kwenye kitambaa, punje kwa punje.

"Binti, wewe nimekulea juu ya dungu. Kaka zako walikuwa wanakuonea wivu kwa kombeo. Mkono ule umeupeleka wapi?"

"Bibi, mimi niko kwenye mafunzo. Kazi yangu si kulinda mashamba ya watu."

"Umekula mpunga wake, ukampa maneno." Akakifunga kitambaa, akakisukuma kwangu. "Hii mimi siili. Haya, kapumzike, hakimu."

Mtaa mzima uliniita hivyo nikacheka. Bibi aliniita mara moja ile tu, na nililia kama mtoto aliyechapwa.

Kulipopambazuka nilikuwa njiani. Nilivuka, nikakimbia kwenye tope, nikafika jua likiwa limekwisha kuchomoza. Sikueleza kitu. Nilinyoosha mkono nikasema, "Nipe kombeo, uende." Mama Fidelisi alinitazama mara moja, akajifunga kanga, akashika njia. Baiskeli nilikuwa nimeiacha ng'ambo, lakini yeye hakujua kuendesha. Alikwenda kwa miguu, mwendo wa mtu anayekimbia na kujizuia asianguke.

Siku ile niliamia ndege kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Mkono haukuwa umesahau. Kwelea walikuja kundi baada ya kundi, nikawapigia kelele mpaka sauti ikakauka, na Fidelisi akanikusanyia mawe ya udongo. Tulipopumzika kidogo aliniuliza, "Mama ameenda kuileta nyumba yetu?"

"Ndiyo," nikamjibu. Na nilikuwa naamini.

Alasiri nikamwona mama yake anarudi. Alikuwa anatembea polepole, ndala mkononi, wala hakuinua uso kuwatazama watoto waliomkimbilia. Nikashuka.

"Nimefika wanatoka," akasema. "Shauri letu wameliita la kwanza. Hakimu ameuliza mwenye pingamizi, pakawa kimya. Shemeji amepewa."

Aligeuka akalitazama shamba lake. Halikuguswa hata shuke moja.

"Asante, umelinda vizuri," akasema. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza njia: "Ungebaki jana, mdogo wangu. Ningelala mjini."

Akachukua kombeo mkononi mwangu, kwa sababu ndege walikuwa wanarudi.

Utaniuliza, je, hapakuwa na njia nyingine? Zilikuwapo. Nilimwandikia maombi ya kutengua usimamizi ule. Lakini kabla hayajasikilizwa nyumba ilikuwa imeuzwa, na aliyeinunua amekwisha kubadilisha mlango. Shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena, mimi nikarudi chuoni, naye kila tarehe aliacha kazi kuja kuambiwa tarehe nyingine. Mwisho akachoka. Alijenga kibanda kule kule mbugani, na Fidelisi, ambaye shule ilikuwa mbali mno kutoka kule, akaacha shule. Mafunzo yangu nilipewa alama ya juu. Ripoti ilisifiwa kwamba mwanafunzi amefanya juhudi kumfikishia mdaawa, yaani mhusika wa shauri, taarifa.

Mama Fidelisi alikufa miaka michache iliyopita, na nilikwenda kuzika. Fidelisi, sasa mtu mzima mwenye ndevu, ndiye aliyenishika mkono nisiteleze kupanda mtumbwi. Alinipa shikamoo yangu kwa heshima, wala hakunikumbusha lolote. Afadhali angenitukana.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wajukuu wangu wa kuzaliwa wanakuja likizo na kuondoka, lakini huyu mmoja hajawahi kuniaga. Nimekuwa wakili kwa umri wangu wote wa kazi, nimeshinda kesi na kushindwa nyingine, na hakuna niliyoipoteza mahakamani inayoniuma kama hii niliyoipoteza shambani kwa mtu, mdomo umejaa pepeta yake.

Basi sikia ninachokuomba. Utafundishwa kumwambia mtu haki yake, nawe mwambie, tena kwa maneno anayoyaelewa. Lakini usisimame hapo. Muulize anatoka wapi. Kama ni vijiji vya mbali, Masagati au Uchindile, jua kwamba "njoo kesho" yako, kwake ni safari nzima ya kwenda na kurudi. Muulize amemwacha nani na mgonjwa, nani na mtoto, nani na mpunga. Na ukiona hakuna mtu, usikimbilie kusema si kazi yako. Pengine ni wewe wa kubaki, au wa kumtafuta atakayebaki, au wa kwenda kumwambia karani, "Mama yuko njiani, tafadhali msianze." Hilo la mwisho asubuhi ile hata halikunijia akilini. Nilikimbilia shambani, nikaiacha mahakama bila mtu wa kulitaja jina lake.

Na likikujia wazo la wema, lifanye siku hiyo hiyo. Mimi nililifanya, mwanangu, nililifanya kwa moyo wote, ila nililifanya kesho yake.

Nenda salama. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusimama mbele ya hakimu yeyote bila kutetemeka, na asikunyime mkono wa kushika kombeo la mwingine. Akupe wazee wa kukukatalia sifa pale usipostahili. Na siku mtu atakapokuuliza nani atabaki na ndege, akujalie uitike jua likiwa bado juu.