Blanketi la Baba Kwenye Dirisha la Sinema

Sinema ya utoto wangu ilinuka mablanketi. Nikisema hivyo watoto wangu hunitazama kwa huruma, maana kwao filamu ni kitu kisicho na harufu, kinachokaa ndani ya simu. Lakini Kalemie, mji wa kando ya ziwa, miaka ile nchi ikiitwa Zaire, filamu zilionyeshwa Jumapili alasiri katika ghala kuukuu la mizigo nyuma ya stesheni ya treni, na ghala hilo lilikuwa na madirisha tisa mapana yasiyo na vioo wala mbao. Jua liliposhuka kuelekea vilimani lilipenya ndani na kufuta picha yote kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Mwenye mashine, Papa Mbayo, ambaye siku za kazi alikuwa fundi wa injini za treni, akatunga sheria yake: atakayeleta blanketi la kuziba dirisha anaingia bure, yeye na blanketi lake. Basi kila Jumapili madirisha yale yalivaa malazi ya watu. La familia ya wavuvi waliohamia kutoka kaskazini mwa ziwa lilinuka moshi wa dagaa. La mama mwenye mapacha lilinuka mkojo, wala hakuna aliyemlaumu. La karani wa posta lilinuka dawa ya nondo, naye alitaka kila mtu ajue. Mimi niliweza kufumba macho nikataja blanketi la nani liko dirisha gani. Nilikuwa na miaka kumi, na kujua mambo yasiyonihusu ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa.

Blanketi letu halikuwahi kufika pale baba yangu akiwa hai. Baba, mpakiaji wa mizigo bandarini, alisema blanketi ni la mgonjwa na mzazi, si la kuzuia jua. Kisha akaugua yeye mwenyewe. Malaria ilimshika mvua zilipoanza, akatetemeka siku tano mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, na mama akawa anamfunika blanketi lile la kijivu lenye mistari miwili myekundu, analivuta huku linafunguka kule, usiku na mchana. Siku ya sita baba hakutetemeka tena. Sisi watoto tulipelekwa kwa jirani, hatukuona mazishi. Nilichojua ni kwamba kwetu Watabwa kila ukoo una ukoo mwenzake wa kuzikana nao. Mtu wa ukoo huo huitwa munungwe. Ndiye anayeosha maiti, ndiye anayeshuka kaburini kuipokea. Munungwe wetu alikuwa Papa Kyomba, muuza mihogo mikavu, mtu mrefu mwenye uso usiocheka. Siku ya kumaliza matanga angekuja kulichukua blanketi ambalo baba aliaga dunia akiwa amefunikwa nalo, kwa kuwa ni haki yake. Mpaka siku hiyo mama alilifungia ndani ya sanduku la bati. Hakulifua, ili lisipoteze harufu. Jumapili tu alilitoa akalianika, akakaa karibu nalo. Maneno yalikuwa yamemwishia. Alipotaka kuniita alitumia mkono.

Sitajitetea. Wiki nzima mtaa ulikuwa ukizungumzia filamu mpya ya majambazi iliyoletwa na meli, na Jumapili ilipofika mama alipitiwa na usingizi kwenye mkeka, mara ya kwanza tangu msiba. Blanketi lilikuwa kambani. Nilijiambia kwamba nitalirudisha kabla hajageuka upande wa pili. Papa Mbayo akalipigilia misumari kwenye dirisha la saba, akanionyesha pa kukaa.

Katika filamu ile majambazi wawili, mmoja mnene na mwingine kijana mwembamba, wanamkuta bosi wao amepigwa risasi katika chumba cha hoteli. Lazima wamtoe kabla polisi hawajafika, na nje, kwenye ukumbi mrefu, mwanamke anasugua sakafu. Ilikuwa ya Kifaransa, na Papa Mbayo alitutafsiria kwa sauti kubwa kupita ya mashine. Yule mwembamba anataka kumfunga bosi kwa blanketi la hoteli. Mnene anakataa, hilo litawaumbua. Basi mwembamba anafungua sanduku lake polepole, anatoa blanketi la maua, anasema ni la mama yake na lazima lirudi safi. Wanabishana. Maiti imelala pale, damu chini, na wao wanabishana upande upi wa blanketi uwe ndani. Mwishowe wanaifunga, wanakunja pembe vizuri, wanainua, wanafika mlangoni, na kichwa cha bosi kinagonga mlango. Ngo! Msugua sakafu anainua macho. Yule mnene, mikono imejaa, jasho linamtoka, akainama juu ya blanketi na kusema kwa heshima kabisa: "Pardon, patron."

Samahani, bosi: hilo halikuhitaji tafsiri. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka mpaka machozi, na nilipogeuka kuyafuta nikaiona mistari miwili myekundu inawaka kwa jua lililokuwa nyuma yake. Niliona kwamba maiti niliyoicheka ilikuwa baba. Niliruka juu ya miguu ya watu, nikalishika blanketi lile nikalivuta kwa nguvu zangu zote, na msumari haukukubali. Raa! Jua likaingia, picha ikapotea, watu wakaanza kupiga kelele. "Funga dirisha! Mutoto wa nani ule?" Nilikimbia hadi nyumbani, nikalikunja na tundu likiwa ndani, tundu la upana wa kiganja, nikaliweka sandukuni. Mama alipoamka nilimwambia nimemsaidia kazi. Akanishika kichwa kunishukuru, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami nilijua kilio changu kiko njiani. Matanga yangemalizika baada ya siku kumi na tatu. Lakini ajabu ni kwamba tundu halikunisumbua sana kama kile kicheko. Inawezekanaje mtoto aliyefiwa na baba yake acheke maiti? Je, sikumpenda? Kuuliza si ujinga, basi nikaanza kuuliza. Karani wa posta aliniambia yeye hakucheka, naye ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Mama wa mapacha alisema kilimtoka tu, kama chafya. Nikaenda karakana ya treni kwa Papa Mbayo, ambaye mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Weye njo ulitupasulia sinema," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo ndiye ni njo na watu ni batu, "sasa unakuja kuniuliza maswali?"

Nikamwambia shida yangu. Alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Meli haiyarudi bado," akasema mwishowe. "Jumapili filamu ni ile ile. Kuja ukae huku kwa mashine. Usitazame picha, tazama batu. Miye mwenyewe sijue."

Jumapili hiyo mvua ilinyesha. Ilikuwa bahati yangu mara mbili: mama hakuanika blanketi, na mabati ya ghala yalipiga kelele hata sauti ya filamu ikamezwa, pamoja na tafsiri ya Papa Mbayo. Nilidhani tukio lile litakufa. Nani atacheka "pardon" asiyoisikia? Nilikaa nimeipa picha mgongo, nikitazama nyuso zilizomulikwa na shuka. Kwanza niliona kitu ambacho sikukitegemea: watu walikuwa wanaogopa. Kichwa kilipogonga mlango, mama wa mapacha alifumba macho, karani akashika goti la jirani yake. Hakuna aliyekuwa tayari kucheka. Kisha yule mnene akainama, na kicheko kikaja vilevile, bila neno hata moja. Niligeuka upesi kutazama shuka. Majambazi hawakuwa wanacheka. Nyuso zao zilikuwa nzito kama za watu kanisani, na mikono yao haikuiachia ile maiti. Nikaanza kuhisi kwamba wala hatukuwa tunamcheka aliyekufa. Tulikuwa tunawacheka walio hai, wenye mzigo mikononi na hofu moyoni, ambao bado wanakumbuka adabu waliyofundishwa na mama zao. Hata hivyo sikuwa na uhakika, na la blanketi letu lilikuwa halijajibiwa.

Siku ya kumaliza matanga uwanja wetu ulijaa. Kifo cha wengi ni harusi, ndivyo wasemavyo, lakini mama alikaa kwenye mkeka kana kwamba yuko peke yake. Mimi nilijibanza nyuma yake. Papa Kyomba alifika, na alipoingia sikumtambua. Alikuwa amevaa kofia ya bandarini ya baba, anatembea kwa mwendo wa baba, bega moja chini kana kwamba bado lina gunia, na kwa sauti ya baba akauliza kwa nini nyumba hii haijampikia chakula tangu alipoenda. Watu waliguna. Sikujua bado kwamba munungwe ana ruhusa ya kumwigiza na kumtania marehemu. Nilikuwa kwa jirani siku ya mazishi, na kumbe hata kaburini alikuwa amemgombeza marehemu kwa uzito wake. Mama hakuinua kichwa. Papa Kyomba akafungua sanduku la bati, akalitoa blanketi, akalikunjua mbele ya watu wote. Tundu likaonekana.

Nakumbuka kuku mmoja aliyekuwa akiparua karibu na jiko, maana hakukuwa na sauti nyingine. Shangazi yangu aliweka mkono mdomoni. Mama aliinua macho, akaliona, na uso wake ukavunjika. Papa Kyomba naye alilitazama. Sasa najua hakuwa na zaidi ya pumzi moja ya kufikiri. Akaingiza mkono katika tundu lile mpaka kwenye kiwiko, akautikisatikisa upande wa pili, na kwa uso uleule usiocheka, kwa sauti ya baba, akasema:

"Batu ya nyumba hii! Siku tano miye natetemeka, munasema malaria, malaria. Kumbe njo hii tundu!"

Mama alitoa sauti. Nilidhani ni kilio, lakini alikuwa anacheka, kifua kinapanda na kushuka, na kilio kikaja nyuma yake mpaka sikuweza kuvitenganisha. "Kyomba, weye mubaya!" akasema, maneno yake ya kwanza mbele ya watu baada ya wiki nyingi. "Nilimufunika! Nilimufunika na mikono yote mbili!"

"Nilikuona, Mama Feza," akajibu baba kwa kinywa cha Papa Kyomba. "Ulivuta huku, ikafunguka kule. Nilikuona."

Jioni wageni walipotawanyika nilimwambia mama yote: kamba, dirisha la saba, msumari, kicheko. Nilimsimulia filamu pia, kwa sababu nisingeweza kueleza dhambi bila kueleza maiti. Nilingoja fimbo. Badala yake akauliza, "Na ule kijana, bulangeti ya mama yake, aliirudisha safi?" Nikamjibu sijui, mara ya kwanza nilikimbia, mara ya pili nilikuwa natazama watu. Akasema basi twende tukaone. Jumapili iliyofuata meli ilikuwa bado haijarudi, na mama, mwanamke aliyetoka msibani, alitandaza kwenye dirisha la saba kitambaa cheusi alichovaa wakati wa matanga. Kiliziba jua kuliko blanketi lolote mle ndani. Mwisho wa filamu mwembamba anamrudishia mama yake blanketi, lina doa dogo. Mama yake anauliza ni la nini. Anajibu, "Mchuzi." Mama yangu alicheka kabla ya wote.

Mwaka juzi tulimzika yeye. Ghala lile halina paa sasa, na filamu nazitazama peke yangu kwenye simu. Zipo za majambazi zilizotengenezwa vizuri mara mia, nami natabasamu tu, labda kwa sababu hakuna pumzi ya jirani ya kunionyesha kwamba naye anaogopa. Watu wa ukoo wa Papa Kyomba walitawanyika miaka ya vita, wengine ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wengine hatujui. Hatukuwa na munungwe. Tuliwakodi vijana wenye glovu nyeupe, wapole, waliofundishwa kutosema neno. Walipomtoa mama ndani, pembe ya jeneza iligonga mlango. Ngo! Wakaganda. Uwanja mzima ukashika pumzi, na mimi nikangoja aseme mtu, nikatazama huku na huku, hakuwepo mwenye haki hiyo. Mtoto wa marehemu hatanii; najua. Nilisogea nikatia bega langu chini ya pembe ile, nikainama juu ya ubao.

"Pardon, mama," nikasema.

Shangazi yangu, mzee wa kubebwa, alianza kutikisika mabega. Mara wakacheka wazee wote waliokumbuka sinema ile, huku wanalia. Binti yangu alinitazama kama nimeingiwa na wazimu. "Mama, unacheka?" Nikamwambia ndiyo, ninacheka, na yeye ashike upande ule, maana mlango ni mwembamba.