Dumu la Maji ya Ziwa

Mama alizaliwa kando ya ziwa, Homa Bay, akaolewa Awendo, kwenye mashamba ya miwa. Tangu nipate akili nimemsikia akilalamika kwamba samaki aliyepikwa kwa maji ya mfereji hana ladha. Kwao samaki alipikwa kwa maji alimotolewa. Mwaka huu, macho yake yalipofifia, aliniomba nimpeleke akachote maji hayo.

Ufuo wa kwao sasa ni bustani ya matembezi. Nilikuwa nimesoma habari zake: njia za miguu, ardhi oevu, jukwaa la kutazamia vilima. Langoni mlinzi wa kike aliona dumu mkononi mwa Mama.

"Mathe, hiyo dumu ni ya nini?"

"Ya maji."

"Maji iko kwa mfereji, hapo nyuma ya choo."

"Hayo ya chooni pikia bwana yako," Mama akajibu. Mlinzi akacheka, akatupisha.

Kwa mbali palipendeza, na watu jukwaani walipiga picha za mbali tu. Mimi nilitazama chini. Bomba kutoka vyooni lilipita chini ya daraja la mbao na kumwaga uji wa kijivu kwenye mafunjo. Nepi zilizofura zilining'inia kwenye mashina. Kambare mfu alielea, tumbo juu, inzi wakimwingia mdomoni. Nilitema mate, nikahisi hata mate yangu yamechafuka.

"Nyathina, mwanangu, tumefika?"

"Bado," nilisema, nikitafuta mahali safi. Hapakuwepo. Daraja lilipoisha nilipiga magoti, nikasukuma magugu maji kando, nikachota. Utando wa kijani ulinishika vidole kama kamasi.

Mama alipokea dumu, akalinusa mdomoni. Akalinusa tena. Kisha akaanza kumwaga maji njiani, kwenye mawe, karibu na viatu vya watu.

"Mama, mwaga huko ziwani."

"Sisi hatukulilisha ziwa uchafu," alisema, akalikung'uta dumu mpaka tone la mwisho.

Jioni, tuliporudi Awendo, mke wangu alipika samaki aina ya ngege kwa maji ya mfereji. Mama alimla mpaka kichwa, akafyonza mifupa, akanawa. Mikono yangu, niliyoisugua kwa sabuni na majivu, bado ilinuka. Nilikaa mbele yake nikingoja aseme samaki hana ladha. Hakusema.