Saruji ya Mjomba Hamisi

Wiki iliyopita, hapa Gitega, nilimwona fundi amepiga magoti kwenye kave, chumba cha chini ya ardhi cha nyumba tunayopanga, akishindilia saruji kuzunguka bomba pale linapoingia ukutani. Harufu ile mbichi ilinirudisha utotoni Muyinga, kwenye kave iliyokuwa chini ya duka la mama, alikohifadhi vitenge vyake.

Alasiri moja mjomba Hamisi, mdogo wake mama, alikuwa ameziba maji yaliyokuwa yakipenya pembeni ya bomba.

“Usiguse hapa,” aliniambia. “Maji iko inatafuta njia.”

Nilidhani maji yamepotea. Niliyasikia yakinong'ona nyuma ya ukuta, nikayaonea huruma. Mjomba alipopanda kwenda kunawa mikono, nilitoboa saruji kwa kidole ili yapate mlango mdogo.

Mvua ikanyesha. Mama aliposhuka, marobota ya chini yalikuwa yameloa, na rangi zilichuruzika sakafuni.

“Hamisi, mi nilikuamini,” alisema kwa sauti ya chini.

Mjomba aliinama akalitazama tundu, kisha akanitazama mimi.

“Ni mi nimekosea, dada.”

Nilishukuru kwamba hakujua. Leo ninafahamu kwamba saruji mbichi hutunza alama, na alama ile ilikuwa nyembamba mno kuwa ya kidole cha fundi.

Mama hakumwita tena kazini. Mjomba alirudi Buhinyuza kulima mihogo, na huko ndiko tulikomzika. Mpaka sasa mama husema kwamba mdogo wake hakuwa fundi, nami humsikiliza nikiwa nimenyamaza.