Mapipa ya Mutie

Kikombe cha Mutie kilikuwa cha plastiki, cha kijani, na kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wangu. Msumari niliupiga mimi. Nasema mapema ili msije mkanidhania mwema huko mbele. Mutie alikuwa mchota vyoo, na kwa miaka sita aliyohudumia ploti yangu ya kupangisha hapa mtaani Kabiro sikuwahi kumsalimia kwa mkono. Chai nilimpa. Alikunywa amesimama, akasuuza kikombe, akakirudisha kwenye msumari bila kuambiwa.

Alikuwa mtu wa Kitui, mwembamba, mpole wa kuudhi. Kazi hiyo aliianzia Kibera, alipokuja kutafuta kibarua cha mjengo akakosa. Kule walichota usiku na kumwaga mtoni, kila mtu akijifanya haoni. Halafu mtoto wake wa kwanza akafa kwa kuhara. Hakunieleza zaidi ya hapo, nami sikuuliza. Alipohamia kwetu na mkewe Kamene alikuja na sharti moja, kwamba mapipa yake hayamwagwi mtoni. Atayasukuma kwa mkokoteni hadi kwenye mfereji mkuu wa maji taka, ng'ambo ya daraja, kule juu barabarani. Nilimwona mjinga, lakini mjinga asiyeiba ni nadra, nikamchukua.

Baadaye akatuletea mwethya. Kwao Ukambani ni kazi ya pamoja: leo mnamlimia huyu, kesho yule, na hakuna anayerudi nyumbani mzigo wa mwenzake ukiwa bado chini. Kila Jumamosi alitoka na wapangaji wangu na wa ploti za jirani, wakaopoa mifuko na matambara mtoni, wakaijengea ukingo wa mawe chemchemi iliyo kando ya mto, chini kidogo ya daraja. Mimi nilitoa reki mbili, nikabaki kwenye kiti changu.

Ikaja Januari ya 2008. Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa na majirani wakageukana kwa ukabila. Wauza maji walifunga vibanda, mabomba yakakauka, na ile chemchemi ikawa maji ya kila mtu. Wanawake wa upande wetu walichota asubuhi, wa ng'ambo ya bonde wakachota alasiri. Hakuna aliyepanga hivyo. Wanaume waliopigana kutwa walikuwa wakinywa kisima kimoja, na sidhani kama hata mmoja wao alikuwa amewahi kujiuliza maji ya nyumbani yanatoka wapi.

Kwangu zilikuja familia tisa zilizokimbia Kibera. Ploti ya vyumba kumi na viwili, choo kimoja. Wiki ya tatu kilijaa hadi kwenye mbao. Lori la kunyonya vyoo lisingethubutu kuingia, na usiku, saa za kazi ya Mutie, kutoka nje kulikuwa kujitafutia kifo. Basi akaja asubuhi, jua likiwa limeshatoka, akajaza mapipa manne huku watu wote wakiziba pua na kumtazama. Hakuwahi kuonekana akiifanya kazi ile mchana. Aliinamisha kichwa muda wote.

Darajani kulikuwa na kizuizi cha vijana wa upande wetu. Mkubwa wao alikuwa Irungu, mtoto wa dada yangu, anayeniita tata.

"Mutie," nikamwambia, "leo mwaga tu hapo mtoni. Mungu anaona hali."

"Mungu ataona, Mama Shiru. Na watu watakunywa."

Nilikasirika. Mtu anakukatalia kwa upole, huna hata pa kumshika. Nilimwambia aende basi akauawe na mapipa yake. Kamene alikuwa ameshapita mlango kwa mlango, na wanawake wanane walisimama kuuzunguka mkokoteni.

"Ni mwethya," Kamene akasema. "Huu mzigo hauendi na mtu mmoja."

Hawakuniomba chochote. Walinitazama tu, kisha wakatazama choo changu. Nikajifunga leso kiunoni, nikatangulia, huku nikiwalaani wote kimoyomoyo.

Vijana walikuwa kumi na watano hivi, na panga na rungu. Magurudumu waliyoyachoma kuziba njia yalikuwa yakifuka moshi. Irungu aliponiona alishangaa, lakini mbele ya wenzake hakutaka kuonekana mtoto.

"Tata, rudi nyumbani. Hapa si pa wamama."

"Tunapita, halafu tunarudi."

"Hapana. Hizo pipa ziko na nini?" Akamgeukia Mutie. "Wewe ni wa wapi? Toa kipande."

Mutie akatoa kitambulisho. Kikasomwa na watu wanne.

"Mkamba," mmoja akasema. "Hawa wanapeleka mapanga kwa wale. Fungua."

"Ni choo, brathe," Mutie akasema.

"Nimesema fungua."

Akafungua. Irungu aliinama kuchungulia, akaruka nyuma akitema mate. Siku nyingine ningecheka hadi machozi. Siku hiyo hakuna aliyecheka, kwa sababu kijana mrefu aliyekuwa kando, nisiyemjua, alitabasamu.

"Hii ni poa," akasema. "Mwaga hapo chini. Si wale wa ng'ambo ndio wanachotanga hapo? Wacha wakunywe."

Wakaanza kukubaliana. Niliona wazo likipita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Wawili wakashika mkokoteni. Mutie akafunika pipa, akapanda juu yake, akakaa.

"Simwagi," akasema.

Yule mrefu akamwekea panga shingoni. Kamene alitoa sauti ndogo. Mutie hakuteremka. Nami niliogopa, nawaambieni kweli. Nilichokuwa nikikiona ni kwamba saa moja iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia maneno yale yale. Mwaga hapo.

"Irungu," nikasema. "Asubuhi ulikunywa chai kwangu. Vikombe viwili."

"Tata, hiyo inaingiaje hapa?"

"Maji niliyapata wapi? Bomba lina wiki tatu halijatoa tone."

Akatazama chini ya daraja.

"Hapo chini," nikasema, nikionyesha yale mawe. "Ndiyo unayokunywa. Ndiyo anayokunywa mama yako, na amelala kwangu kwa sababu kifua kinambana. Nyinyi wote, kaulizeni nyumbani. Halafu mmwage."

Walitazamana. Mmoja, ambaye mkewe alikuwa kati ya wale wanawake wanane, alimtazama mkewe, naye akaitikia kwa kichwa. Irungu akamsogelea Mutie. Kisha akalisukuma lile panga pembeni kwa kiganja, polepole, akaliondoa gurudumu moja njiani.

"Pita," akamwambia Mutie. "Na urudi kwa hii njia, nisikuone na ingine."

Tuliusukuma mkokoteni sote hadi juu, mimi nikiwa nimeshika pipa la nyuma. Lilinimwagikia mkono. Tulimwaga, tukarudi, na mwezi ule wote mkokoteni ule ukapita daraja kila asubuhi, vijana wa pande zote mbili wakisogea wenyewe kwa sababu ya harufu.

Nyumbani nilipika chai kwa maji ya chemchemi. Mutie alisimama nje kwa mazoea, akanyoosha mkono kwenye msumari.

"Wacha hicho," nikamwambia. "Ingia."

"Nanuka, Mama Shiru."

Nilitazama mkono wangu, kisha ploti nzima, na watoto waliojaa uani.

"Hiyo harufu si yako," nikasema. "Ni yetu."