Udongo Chini ya Mnara

Mama yangu hajaanua tanga la kaka yangu mpaka leo. Kaka alijitolea mgambo wakati wa vita vya Kagera, wala hakuna aliyemlazimisha, akaondoka Hombolo na viatu vya kuazima. Habari za kifo chake zililetwa na balozi wa nyumba kumi, na ndiyo ikawa basi. Alizikwa hukohuko mbali pamoja na wenzake. Kaburi lake hatujalitia machoni. Mimi nilikuwa mtoto, lakini namkumbuka mama akiwazuia watu wasitawanyike, akisema msiba usio na maiti hauishi.

Miaka ikapita, mji ukajenga mnara wa kuwakumbuka hao waliojitolea, kwenye mzunguko wa barabara katikati ya Dodoma. Mama alipopata habari alichimba udongo nyuma ya nyumba yetu, pale kilipozikwa kitovu cha kaka, akaufunga kwenye kipande cha kanga, akaenda nao mjini. Fundi mmoja, Mungu amrehemu kama ameshatangulia, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwachia aufukie chini ya ngazi kabla zege halijamwagwa. Tangu siku hiyo, kwa mama lile lilikuwa kaburi la mwanawe.

Siku ya Mashujaa, wakubwa walikuja na ngao, mikuki na mashada, sisi tukizuiwa kwa kamba ng'ambo ya barabara. Mama hakujali. Alikwenda kesho yake na ufagio, akafagia ngazi, akaokota maua yaliyonyauka, kisha akampa mwanawe habari za nyumbani: nani kaoa, mvua zimekuwaje, zabibu mwaka huu zimekubali au zimekataa.

Sasa Dodoma imekuwa makao makuu kwelikweli, na barabara zinapanuliwa. Mwaka jana tukasikia mnara utahamishwa. Mama akaanza kungoja kuitwa. Makaburi ya jirani zetu yalipohamishwa kupisha ujenzi, ndugu waliitwa, sanda zikanunuliwa, sala ikasomwa. Naye akanunua shuka jeupe, akaliweka chini ya mto wake. Nikamwambia, mama, ule ni mnara, hawatakuita. Alijibu bila kunitazama.

"Kama si kaburi, yale mashada huwa wanamwekea nani?"

Nikapiga simu ofisi moja, wakanirushia nyingine, na hiyo nyingine ikanirudisha kwenye ile ya kwanza. Mwishowe nikachoka na ustaarabu wao. Nikampakia mama kwenye gari langu kutoka Chamwino tunakoishi siku hizi, shuka likiwa mapajani mwake.

Tulikuta mzunguko haupo. Kokoto zilikuwa zimeshashindiliwa. Msimamizi wa kazi, kijana mwenye adabu zake, alivua kofia yake ngumu akamwamkia mama shikamoo, akaeleza kwamba jiwe la majina limepelekwa kwenye uwanja mpya, mzuri sana, hata taa zipo. Nikamuuliza udongo wa chini uko wapi. Akasema kile kifusi kilibebwa kwenda kujazia barabara inayojengwa Ihumwa. Jamani, nilimfokea yule kijana mpaka wapita njia wakasimama. Hakuwa na kosa, najua, lakini wenye kosa ningewapata wapi? Mama ndiye aliyenishika mkono tuondoke.

Tulipofika Ihumwa, katika kurudi nyumbani, akaomba nisimamishe gari. Barabara ilikuwa imeshajazwa na kushindiliwa kutoka upeo wa macho hadi mwingine, malori yakipita na vumbi lao, na hapakuwa na wa kutuonyesha kifusi chetu kilimwagwa sehemu gani. Mama alishuka taratibu, akavua kandambili, akasimama pembeni pekupeku, shuka amelikumbatia. Mimi nililia bila aibu. Yeye alikuwa akitazama chini tu, kama anayetafuta sindano iliyoanguka.

"Alijitolea," alisema. "Naona mpaka leo hawajampa ruhusa ya kurudi nyumbani."

Shuka lile limerudi chini ya mto, na tanga halijaanuliwa. Siku hizi kila tukipita Ihumwa, mama huvua kandambili humohumo ndani ya gari, nami hupunguza mwendo. Walio nyuma hutupigia honi. Wapige tu.